MAHINDI YALIPOKAUKA LONGISA
Imani ya mkulima wakati wa shida

Wahenga walisema kwamba akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Neno hilo lilisemwa juu ya watu, lakini lafaa vile vile kwa habari ya imani. Imani aliyo nayo mtu siku ya mavuno, ghala imejaa na ng'ombe wananenepa, ni imani ambayo bado haijapimwa. Kipimo chake ni siku ile ghala ilipo tupu, watoto wanauliza chakula, na mwenye nyumba hajui sababu ya msiba wake wala mwisho wake. Katika nchi ya Kericho na Bomet kipimo hicho kilikuja mara nyingi, lakini kwa wakulima wengi hakuna kilichokuwa kizito kama ugonjwa wa mahindi ulioonekana mwaka wa 2011.

Mgeni apitaye katika nchi hiyo huona uzuri tu. Mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka, na vilima vimefunikwa na chai kama mkeka wa kijani uliotandikwa kwa uangalifu. Kampuni ya Brooke Bond ilifika Kericho katika miaka ya 1920, na mashamba makubwa yakaenea. Katika miaka hiyo ya kwanza Mwafrika alikuwa mchuma majani tu, kwa maana hakuruhusiwa kupanda chai katika shamba lake mwenyewe. Mambo yalibadilika polepole, na tangu mwaka wa 1964, lilipoundwa shirika la kustawisha chai liitwalo KTDA, maelfu ya wakulima wadogo wamepanda chai yao, wakachuma majani mawili na chipukizi lake, na kuyapeleka kituoni kupimwa.

Lakini mwenyeji ajua mambo ambayo mgeni hayaoni. Ajua kwamba nchi hiyo ni miongoni mwa nchi zipigwazo sana na mvua ya mawe duniani, na kwamba nusu saa ya mawe yaweza kupukutisha kazi ya wiki nyingi. Ajua pia sakitu, yaani umande ulioganda, ambayo mwezi wa Januari 2012 iliunguza chai katika mashamba ya Kericho na nchi zilizo karibu. Tena ajua jambo moja kubwa zaidi, nalo ni kwamba chai haisongwi ugali. Fedha za chai hulipa karo, mabati na dawa, lakini kinachowekwa mezani jioni ni kimnyet, yaani ugali, pamoja na mboga au mursik. Kwa hiyo mahindi yakifa, mwenye chai na asiye na chai wote wawili hutetemeka.

TAUNI YA MASHAMBA

Mwezi wa Septemba 2011 habari mbaya zilitoka Longisa, katika sehemu za chini za Bomet, mahali palipo na kimo cha mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Mahindi yaliyokuwa yakistawi vizuri yaligeuka rangi. Madoadoa ya manjano yalianza chini ya majani machanga yaliyo katikati ya mmea, yakapanda juu. Kisha majani yakakauka kutoka pembeni, na mwisho moyo wenyewe wa mmea ukafa. Mimea iliyozaa ilitoa magunzi madogo yasiyo na punje, au yenye punje chache zilizonyauka. Wakulima wengine walipoteza karibu mazao yote, na wengine walipoteza yote kabisa.

Wenyeji waliuita ugonjwa huo koroito, maana yake tauni. Jina hilo lilifaa, kwa kuwa haukukaa mahali pamoja. Ulikwenda Narok, ukaenda Naivasha, na kufika Machi 2012 ulikuwa umepanda hata mashamba yaliyo na kimo cha mita 2,100. Baadaye ulivuka mipaka ya Kenya ukaonekana Tanzania, Uganda, Rwanda na nchi nyingine.

Msomaji aliye mkulima hahitaji kuambiwa uchungu wa jambo hilo. Mtu alikuwa amekwisha lipa trekta au jembe la ng'ombe, amenunua mbegu na mbolea, pengine kwa fedha za mkopo. Amepalilia mara mbili. Ameyatazama mahindi yake yakipita kiuno, akahesabu moyoni magunia atakayopata, akatenga ya kula, ya kuuza na ya karo ya muhula wa kwanza. Kisha katika wiki chache akaona hesabu yake yote ikikauka mbele ya macho yake. Na lililo baya kuliko yote, hakuna aliyeweza kumwambia ni ugonjwa gani, kwa maana katika miezi ile ya kwanza hata wataalamu wenyewe walikuwa bado wanatafuta.

Ni desturi ya makanisa mengi ya nchi hiyo kuleta malimbuko, yaani mazao ya kwanza, mbele ya madhabahu kwa kumshukuru Mungu. Watu huleta mahindi, maharagwe, ndizi, maziwa na kuku. Basi mtu ambaye hakuvuna hata debe moja alete nini? Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali kubwa: je, mtu aweza kumshukuru Mungu kwa shamba lililokufa? Na kama hawezi, je, imani yake ilikuwa ni imani kwa Mungu, au ilikuwa ni imani kwa mahindi?

Katika kulijibu swali hilo, Mkristo aliye katika shida hukutana na majaribu matatu.

JARIBU LA KWANZA: KUMTAFUTA MWENYE KOSA

Mtu akipatwa na msiba usiojulikana chanzo chake, moyo wake hutaka kumpata wa kulaumiwa. Mmoja husema kwamba jirani amemroga. Mwingine husema kwamba Mungu anaiadhibu nchi kwa sababu ya dhambi, naye kwa kawaida huzitaja dhambi za watu wengine wala si zake. Wa tatu, aliye mpole zaidi, hujilaumu mwenyewe, akajiuliza usiku ni kosa gani alilolifanya.

Wasomaji wa Biblia wanakifahamu kisa cha Ayubu. Alipopoteza mali yake, watoto wake na afya yake, rafiki zake walikuja kumfariji. Siku saba walikaa naye kimya, na hapo walifanya vema. Lakini walipofungua vinywa vyao walianza kumshitaki, wakidhani kwamba mtu hawezi kupata mateso makubwa namna hiyo pasipo kosa kubwa. Mwisho wa kitabu, Mungu aliwakemea rafiki hao, wala hakumkemea Ayubu kwa kuwa aliuliza maswali. Basi mtu aendaye kwa jirani aliyepatwa na hasara na kumwambia atubu ili mahindi yake yapone, na aangalie asije akaingia katika kundi la rafiki wale.

Kwa habari ya koroito, chanzo kilipatikana. Wataalamu wa Kenya walichukua majani ya mimea iliyougua, wakasaidiana na wenzao wa nchi za ng'ambo kuyapima, na mwaka wa 2012 wakatangaza waliyoyaona. Ugonjwa ule ulitokana na virusi vya namna mbili vikifanya kazi pamoja katika mmea mmoja. Virusi vya kwanza ni vile viletavyo madoadoa ya manjano katika mahindi, ambavyo vilikuwa vimeonekana kwanza Peru katika miaka ya 1970. Virusi vya pili ni vile vya batobato ya miwa. Kila kimoja kikiwa peke yake huudhoofisha mmea, lakini vikikutana huuua. Vyaenezwa na wadudu wadogo mno wafyonzao majani, pamoja na vidukari na aina fulani za mbawakawa. Mbegu nazo zaweza kuvichukua. Ugonjwa wenyewe ulikuwa umejulikana Marekani, katika jimbo la Kansas, tangu mwaka wa 1976.

Basi hapakuwa na mchawi. Wadudu wale hawakuuliza ni shamba la mzee wa kanisa au la mlevi, bali walikwenda mahali walipopeleka upepo na njaa yao. Mtu aliyekwisha kumchukia jirani yake kwa ajili ya uvumi alibaki na hasara mbili, ya mahindi na ya jirani. Wala Mkristo asidhani kwamba maarifa ya namna hiyo yaipunguza imani. Kinyume chake, yaisafisha, kwa maana yaondoa hofu ambayo watu wengi walikuwa wakiichukua na kuiita imani.

JARIBU LA PILI: KUKAA NA KUNGOJA

Jaribu la pili ni la mtu wa dini zaidi. Yeye hamlaumu mtu. Husema, "Nimemwachia Mungu," kisha hukaa. Mahindi yaliyougua huyaacha yasimame shambani. Msimu ukifika hupanda tena mbegu zile zile mahali pale pale, akitumaini kwamba safari hii Mungu atamhurumia. Neno lake lafanana na imani, lakini mara nyingi ni uchovu uliovaa kanzu ya imani.

Historia ya Ukristo katika nchi hiyo yafundisha njia nyingine. Wakipsigis walikuwa watu wa sala kabla ya wamisheni kuja. Walimwomba Asis, wakakusanyika mahali pa ibada palipoitwa kapkoros kuomba mvua, uzima na mavuno. Hata leo kiwanda kimoja cha chai katika Bomet chaitwa Kapkoros, na mkulima apelekaye majani yake huko hulitamka jina la mahali pa sala pa babu zake. Lakini wazee wale walioomba mvua walikuwa wamekwisha lima. Hakuna aliyeomba mvua juu ya shamba lenye magugu.

Injili ilipokuja ilikuja pamoja na kazi. Willis Hotchkiss, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa watu watatu walioanzisha misheni ya Friends huko Kaimosi mwaka wa 1902, baadaye alikwenda kwa Wakipsigis akaanzisha misheni ya mafundisho ya kazi huko Lumbwa. Katika mwaka wa 1935 wamisheni walianza kituo cha Tenwek, karibu na Bomet, na baada ya miaka miwili wakafungua zahanati ndogo. Zahanati ile ilikaa zaidi ya miaka 20 bila daktari wake mwenyewe. Waliokuwako ni wauguzi, wakifanya waliyoyaweza, na kuomba katika yale wasiyoyaweza. Hatimaye, mwaka wa 1959, alikuja Daktari Ernest Steury, akafanya kazi kwa miaka mingi kabla hajapata wenzake wa kumtosha.

Mfano ulio bora ni ule wa umeme. Hospitali ya Tenwek ilikuwa na shida ya nguvu za umeme za kuwashia taa na kuendeshea mitambo, ilhali karibu nayo Mto Nyangores ulikuwa ukianguka juu ya mawe mchana na usiku. Watu waliomba, tena walipima, wakachimba, wakajenga, na mwaka wa 1987 maji yale yakaanza kuzungusha mitambo ya umeme. Hospitali hiyo yajulikana kwa neno lake la kwamba wao hutibu na Yesu ndiye aponyaye. Atakayelitafakari vema ataona kwamba lina sehemu mbili, na kwamba sehemu ya pili haiifuti ya kwanza.

Vivyo hivyo kwa koroito. Mabwana shamba walitoa mashauri, na mashauri hayo bado yafaa kukumbukwa:

Kwanza, mmea ulioonyesha dalili ung'olewe mapema na kuondolewa shambani. Pili, mbegu zisitunzwe kutoka katika shamba lililougua, bali zinunuliwe mbegu zilizothibitishwa. Tatu, shamba lipumzishwe mahindi kwa msimu mmoja au zaidi, na mahali pake papandwe viazi, maharagwe, viazi vitamu au mboga. Nne, magugu yapaliliwe, kwa kuwa wadudu hujificha humo. Tano, majirani wapande wakati mmoja mvua kubwa zianzapo, ili wadudu wasipate mahindi machanga mwaka mzima. Sita, punje zilizooza asipewe mtu wala mnyama, maana ukungu wake huwa na sumu.

Shauri la tatu ndilo lililowauma wengi. Kumwambia mtu wa Bomet asipande mahindi ni kama kumwambia mvuvi asishike wavu. Wazee walikumbuka kwamba zamani, kabla ya mahindi kuenea, ugali wa nchi hiyo ulikuwa wa wimbi, wakataka kuurudia. Lakini wimbi nao ni jamii ya nyasi kama mahindi, na walichotaka mabwana shamba ni mazao yasiyo ya jamii hiyo. Basi kupanda viazi mahali pa mahindi, kwa mtu ambaye maisha yake yote ameona mahindi mahali hapo, kulikuwa kwenyewe tendo la imani. Alitii neno la mtu aliyejua zaidi, akatumaini, akatia jembe ardhini.

JARIBU LA TATU: KUUFUNGA MLANGO

Jaribu la tatu ndilo baya kuliko yote. Mtu aliye katika hofu huufunga mlango wake. Huona kila jirani kuwa ni kinywa kitakachokula chakula chake au mkono utakaoichukua ardhi yake.

Nchi ya chai ilikwisha kuonja tunda la jaribu hilo, na habari zake zafaa kusemwa bila kuficha. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba 2007, Kenya iliingia katika vita vya ndugu. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa katika nchi nzima, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Katika Kericho, wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka makabila mengine walifukuzwa katika nyumba walizokaa kwa miaka mingi. Katika mpaka wa Sotik na Borabu, Wakipsigis na Wakisii walipigana, na nyumba zikachomwa. Waliokuwa wakiimba tenzi katika benchi moja Krismasi walikuwa maadui kabla ya wiki mbili kwisha. Wengine walikimbilia vituo vya polisi, na wengine makanisani, wakiwa na vile tu walivyoweza kubeba kichwani.

Tarehe 28 Februari 2008 viongozi wa pande mbili, Mwai Kibaki na Raila Odinga, walitia sahihi mkataba wa amani, wakisaidiwa na Kofi Annan. Mwezi ule ule Baraza la Makanisa la Kenya lilikiri mbele ya watu kwamba viongozi wa makanisa wenyewe walikuwa wameegemea pande za siasa, na likaomba radhi. Ungamo hilo lilikuwa chungu, lakini lilikuwa la kweli. Miezi michache baadaye msiba mwingine ukaanguka. Tarehe 10 Juni 2008 ndege ndogo iliyokuwa ikienda Kericho ilianguka katika nchi ya Narok, na Bomet na Sotik zikawapoteza wabunge wao, Kipkalya Kones na Lorna Laboso, siku moja. Watu waliokuwa hawajamaliza kuomboleza wakaanza kuomboleza upya.

Mambo hayo yana uhusiano gani na mahindi? Yana uhusiano mkubwa. Katika mwaka wa 2008 chakula kilikuwapo, lakini upendo ulipungua, na watu wakafa. Mwaka wa 2011 chakula kilikosekana, na kila nyumba ililazimika kuchagua: je, tufanye kama tulivyofanya zamani, au tujifunze? Mwenye viazi alikuwa na jirani asiye na kitu. Mwenye chai alikuwa na bonasi, na ndugu yake wa sehemu za chini alikuwa na mabua makavu. Karani wa Kericho mwenye mshahara alikuwa na wazazi Longisa. Kwa watu hao imani haikuwa jambo la kuhubiriwa tu, ilikuwa ni debe moja la viazi kupita juu ya ua.

Yafaa ieleweke kwamba msaada wa namna hiyo si sadaka ya mkubwa kumpa mdogo. Mwaka huu sakitu huunguza chai ya mtu wa juu, na mwaka ujao tauni huua mahindi ya mtu wa chini. Leo ni zamu ya huyu kupokea, kesho ni zamu yake kutoa.

IMANI SI BIASHARA

Sasa msomaji atauliza: Je, wale walioomba kwa bidii, mahindi yao yalipona? Jibu la haki ni kwamba ugonjwa haukuchagua. Walioomba walipoteza, na wasioomba walipoteza. Mtu aliyetoa zaka kila mwezi alisimama katika shamba lililokufa kama jirani yake asiyekanyaga kanisani.

Wako wahubiri wasemao kwamba mtu akimpa Mungu shilingi moja atarudishiwa kumi, na kwamba asiyerudishiwa amepungukiwa na imani. Mafundisho hayo huwafurahisha watu wakati wa neema, lakini wakati wa shida huwa kama kiti cha miguu mitatu kilichokatwa mmoja. Mtu aliyeiweka imani yake kama biashara, biashara ikianguka huiacha. Na kwa kweli wako waliouacha Ukristo wao kimya kimya katika miaka ya shida, si kwa sababu hawakumpenda Mungu, bali kwa sababu walikuwa wamefundishwa habari za Mungu mwingine, aliye kama mwenye duka.

Nabii Habakuki aliishi wakati wa hatari, nchi yake ikitishwa na adui. Hakuficha malalamiko yake, bali alimwuliza Mungu waziwazi ataendelea kulia hata lini pasipo kusikiwa. Hata hivyo kitabu chake chaisha kwa wimbo wa furaha, na katika wimbo huo ataja mti usiochanua, mizabibu isiyo na matunda, shamba lisilo na chakula na zizi lisilo na mnyama. Hasemi kwamba mambo hayo hayatakuja. Hasemi kwamba yakija yatapita upesi. Asema kwamba yajapokuja yote, furaha yake kwa Mungu itabaki. Mkulima wa Bomet aweza kuyaelewa maneno hayo kuliko mwanachuo mkubwa wa mjini, kwa kuwa shamba asemalo nabii amelisimamia kwa miguu yake.

Jambo hilo lilipimwa tena kwa njia nyingine mwaka wa 2020. Ugonjwa wa Korona ulipoingia Kenya mwezi wa Machi, makanisa yalifungwa nchi nzima. Yalipofunguliwa mwezi wa Julai, watu waliruhusiwa kukusanyika 100 tu, kwa saa moja, na wazee waliopita miaka 58 walitakiwa kubaki nyumbani pamoja na watoto walio chini ya miaka 13. Hivyo wale wazee waliojenga makanisa kwa mikono yao, wakabeba mawe na kukata miti, walijikuta wakizisikia tenzi kutoka mbali. Kanisa kuu jipya la Wakatoliki la Kericho, lililofunguliwa mwaka wa 2015 na lenye nafasi ya watu 1,500, lilikuwa chini ya sheria ile ile sawa na kanisa la udongo la kijijini.

Hapo ilionekana kilichokuwa ndani ya nyumba za watu. Penye Biblia iliyozoea kufunguliwa jioni, mambo yaliendelea. Babu alisoma, bibi aliomba, watoto waliimba. Lakini mahali ambapo imani ilikuwa ni nguo ya Jumapili tu, nguo ilipokosa mahali pa kuvaliwa iliwekwa sandukuni. Tangu mwaka wa 1969 Biblia nzima ipo katika Kikalenjin, na hakuna sababu ya nyumba yenye mtu ajuaye kusoma kungoja mhubiri.

SIKU YA MALIMBUKO

Habari za koroito hazikuishia katika giza. Mwezi wa Septemba 2013 kituo cha kupimia mbegu dhidi ya ugonjwa huo kilifunguliwa Naivasha, kwa ushirikiano wa watafiti wa Kenya na wa shirika la kimataifa la mahindi na ngano. Maelfu ya aina za mahindi zilipandwa humo na kuambukizwa kwa makusudi, ili ionekane ni zipi zitakazostahimili. Mbegu zenye ustahimilivu zikapatikana, na wakulima wakajifunza kubadilisha mazao. Ugonjwa haukutoweka kabisa, lakini haukuwa tena kitu kisicho na jina.

Wahenga walisema kwamba baada ya dhiki faraja. Walisema kweli, lakini hawakusema dhiki itachukua miezi mingapi. Kazi ya imani ni katika miezi hiyo isiyotajwa: mtu asimchukie jirani kwa uvumi, asiache jembe kwa kisingizio cha sala, wala asiache sala kwa kisingizio cha jembe, tena asiufunge mlango wake.

Na lile swali la malimbuko bado lataka jibu. Mtu ambaye hakuvuna alete nini mbele ya Mungu? Na alete alicho nacho. Akiwa na viazi vichache vya shamba alilolibadilisha, na avilete. Akiwa na senti za kibarua cha chai, na azilete. Na asiye na kitu kabisa na aje mikono mitupu, akae katika benchi lake pamoja na wenzake, naye asione haya. Nao wenye vikapu vilivyojaa wamsogelee, na ibada ikiisha asirudi nyumbani akiwa mtupu kama alivyokuja.